Taa Inayozimika Kwenye Rozari

Siku niliporudisha funguo za atelier, karakana yetu ya umeme, ninyi mafundi vijana mlinikatia keki, mkanipigia makofi, halafu mmoja wenu, simtaji, anajijua, akauliza: "Maman Riziki, mbele ya kuenda, utuachie siri ya hizi taa za akili." Nilijibu nitaandika. Nilisema hivyo ili niende zangu na keki yangu. Lakini ahadi ni deni, na mvua ya Bukavu wiki hii imenikatalia hata kufika kwenye geti, basi nimekaa mezani na daftari la mjukuu wangu, naandika.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Cheo hakijawahi kuwasha ampuli ya taa. Mshahara nao sitaugusa. Nikianza hapo nitakasirika na kalamu itatoboa karatasi. Nitaandika kazi. Kiswahili changu ni kile cha masista walionifundisha, na fimbo yao bado naisikia mgongoni nikikosea. Lakini watu nitakaowataja nimewaacha waseme vile walisema, na 'njo' yao badala ya 'ndiyo', maana Maman Nsimire, mtakayemkuta mbele, akiongea kama kitabu, huyo si Maman Nsimire tena.

Nilianza nikiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Mwalimu wangu alikuwa Muzee Mugaruka, fundi wa Kadutu, mwenye mikono mipana na maneno machache. Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya iliyopigwa pasi, kalamu sikioni, na turnevisi, yaani bisibisi, niliyopewa shuleni. Nilifikiri ataniambia nipande ngazi. Akanipa kiti.

Tulikuwa nyumbani kwa mwalimu mmoja, mtaa wa Nguba, chumba cha kulia kilihitaji taa. Muzee Mugaruka aliweka viti viwili ukutani, akakaa kimoja, akanionyesha kingine. Tukakaa nusu saa nzima. Mimi natingisha mguu, naona aibu, najiuliza kama huyu mzee amechoka au amelewa. Mama mwenye nyumba akapita na sahani. Watoto wakafungua madaftari yao upande wa dirisha. Baba akaingia, akachukua gazeti, akajikunja kwenye kona ambayo mimi ningeiacha gizani bila hata kuifikiria.

"Umeona?" Muzee akaniuliza.

"Nimeona nini, papa? Hatujafanya kitu."

"Taa haiko ya nyumba, mwana. Taa iko ya mutu. Mbele ya kuifunga, ukae kwanza. Uone batu banakaa wapi, banafanya nini."

Somo lote ndilo hilo. Mengine, kama vile usiguse waya kabla ya kuupima hata kama mwenye nyumba ameapa kwa Bikira Maria kwamba amekata courant, yaani umeme, mtayakuta kwenye vitabu. Basi nikakaa. Kwa miaka thelathini na minane nimekaa kwenye viti vya watu wa mji huu: vya mbao, vya plastiki, vya kamba, na kimoja cha afisa wa jeshi ambacho mpaka leo sijui kama niliruhusiwa kukikalia. Siku moja tu sikukaa. Nitawafikisha hapo, msinisukume.

Enzi zile mwanamke kubeba pensi, koleo la fundi, lilikuwa jambo la watu kutoka nje kutazama. Tunagonga mlango, mwenye nyumba anafungua, ananitazama, anatazama nyuma yangu, anauliza: "Fundi iko wapi?"

"Njo mimi."

"Hapana, maman. Minasema ule wa courant."

Hapo Muzee Mugaruka, na nywele zake nyeupe, anajibu kutoka nyuma: "Njo yeye. Mimi niko mubeba-ngazi yake." Alisema hivyo kila mlango, na uso mkavu kabisa, mpaka mji ukazoea. Alipokufa nilimlilia kama baba. Ile testeur ya kupimia umeme, yenye mkanda mwekundu kwenye mpini, mliyokuwa mkiiona mfukoni mwangu siku zote, ilikuwa yake. Hiyo sikuirudisha pamoja na funguo, na anayetaka kuidai aje nyumbani.

Sasa hizo taa zenu za akili. Kuongea habari ya taa inayojiwasha katika mji ambao umeme wenyewe unakuja ukipenda, ni kama kumnunulia viatu mtu aliyelala. Umeme ukirudi jioni, mlima mzima unapiga kelele, watoto kwa wazee, "Ooooo!", hadi upande wa pili wa bonde wanasikia. Mimi ndiyo kazi yangu, najua kwa nini umekatika na kwa nini umerudi, na bado napiga kelele kama wengine. Lakini ndiyo sababu watu wetu walianza mapema kutafuta ujanja. Mtu anabonyeza interrupteur ya ukutani asubuhi, hakuna kitu, anasahau kuizima. Usiku wa manane umeme unarudi, nyumba inawaka yote kama kuna harusi. Basi wakawa wananiuliza: maman, haiwezekani taa ijue yenyewe?

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kwenye nyumba ya abbé mmoja, padri. Nilimwekea cellule, yaani jicho dogo linaloona kama kuna mchana au giza: giza likiingia linawasha taa ya geti, kukikucha linazima. Kitu kizuri. Nikakifunga chini ya ampuli yenyewe, juu ya geti, kwa sababu waya ulikuwa mfupi na mimi nilikuwa mvivu. Jioni ikafika. Jicho likaona giza, likawasha taa. Likaona mwanga, likafikiri kumekucha, likazima. Likaona giza. Tuk, washa, tuk, zima, tuk, washa. Kabla ya saa moja watu wawili walikuwa wamegonga geti, wakidhani ni baa, kuuliza kama bia ni ya baridi. Kesho yake abbé alinisubiri akiwa amekunja mikono: "Maman Riziki, mimi nilikuomba taa, wewe umenifungulia nganda." Nikanunua waya, nikahamisha jicho nyuma ya paa. Andikeni: jicho lisitazame taa yake yenyewe.

Halafu kulikuwa na papa mmoja wa Panzi aliyetaka kuku wake watage sana, akasikia kwamba kuku wakipata mwanga mrefu wanataga. Nikamwekea minuterie, ile saa ya kuzunguka inayowasha taa alfajiri. Lakini saa hiyo inakula umeme: umeme ukikatika masaa matano, nayo inalala masaa matano. Kwa kukatika huku na kule, alfajiri ya kuku ikasogea, ikasogea, hadi jogoo akawa anawika watu wakiwa mezani na bugali ya mchana. Majirani hawakuweza tena kujua saa. Yule papa alikula jogoo siku ya Pasaka, nami sikualikwa.

Makosa haya yote niliyacheka. La Maman Nsimire ndilo sikuweza kulicheka, angalau si mwanzoni.

Maman Nsimire ni mjane, mwalimu aliyestaafu, amekula chumvi nyingi lakini mgongo bado umenyooka. Nyumba yake iko Muhumba, upande wa ziwa, na mnajua nyumba zetu za huko: hazikai, zinaning'inia. Kutoka barabarani mpaka mlangoni unashuka ngazi ishirini na tatu za mawe. Jioni moja umeme haukuwepo, yeye anashuka na kikapu cha mboga za lengalenga, akakosa ngazi moja, akavunja kifundo cha mkono. Ana watoto wawili: binti yuko Kinshasa, kwenye ghorofa ya tano, na Désiré, mwana wa kiume, yuko Canada. Désiré akaamua kwa simu kwamba mama ahamie Kinshasa. Mama akakataa. Walipovutana sana, Désiré akatoa sharti: nyumba iwekwe taa zinazojiwasha bila mtu kubonyeza kitu, na hapo mama anaweza kubaki. Lakini akisikia habari moja mbaya tena, moja tu, anakuja mwenyewe kumchukua. Akatuma katoni ya vifaa kwa mkono wa binamu yake.

Maman Nsimire alikuja atelier mwenyewe, mkono kwenye plasta.

"Riziki, njo wewe fundi?"

"Njo mimi, maman."

"Kinshasa iko na mulima?"

"Haiko, maman."

"Iko na shirika yangu?" Shirika ndiyo jumuiya yao ya kusali, majirani Wakatoliki wa mtaa.

"Haiko."

"Basi ufunge hizo taa muzuri. Kinshasa sitaenda, mpaka banibebe mu sanduku."

Hapo ndipo mjue nilichokuwa nimeshika mkononi. Haikuwa kazi ya ampuli. Ilikuwa mama mzee kubaki kwake au kwenda kufia kwenye balkoni ya watu.

Kwa hiyo nilifanya kazi, wanangu. Panneau ya jua juu ya paa, batri ndani, ili nyumba isiombe ruhusa kwa mtu. Kwenye ngazi za nje nilikaa, kweli, ngazi moja moja, mpaka magoti yakaniomba msamaha. Nikaona kwamba mtu mwenye kikapu haoni mbele, anaona miguuni. Nikafunga taa ndogo chini, kimo cha kifundo cha mguu, na détecteur kwa kila ngazi tatu. Détecteur ni kile kijicho cheupe kinachomwona mtu akitembea. Ukishuka, mwanga unatangulia, wa nyuma unazima. Watoto wa jirani walishuka na kupanda mpaka mama zao wakaja kuwatoa kwa masikio. Kwenye korido, jikoni, njia ya choo, vilevile. Kwenye katoni kulikuwa pia na kiboksi cha kuamrishwa kwa sauti. Hicho nilikifungia kabatini. Maman Nsimire hakuwa na neno nacho, ila alikataa kumtuma kitu mtu ambaye hajamsalimia. Alikuwa anakiamkia kwanza: "Asinge, bonsoir, umeshinda namna gani?" Alipofika kwenye habari ya taa, kiboksi kilikuwa kimeshachoka kumsikiliza.

Ikabaki salon, sebule ya kupokelea wageni. Ilikuwa Jumamosi, na alasiri hiyo kulikuwa na dot, yaani mahari, ya mpwa wangu; wakwe walikuwa njiani na mimi ndiye shangazi wa kuwapokea. Nikafunga détecteur ukutani, nikaizungusha kwenye dakika tatu: dakika tatu bila mtu kujongea, taa inazima, batri inapumzika. Nikaingia, ikawaka. Nikatoka nikangoja, ikazima. Nikapiga picha, nikamtumia Désiré, nikavua ovaroli na kuvaa kitenge changu palepale nyuma ya mlango. Kiti hata sikukitazama.

Majuma matatu baadaye niko sokoni Nyawera, nanunua sambaza, dagaa wa ziwani, mama muuzaji ananiinamia.

"Maman Riziki, wewe njo ulifunga taa kwa Maman Nsimire?"

"Njo mimi."

"Unajua bwana yake alirudia?"

"Bwana gani? Papa Léonard tulimuzika."

"Njo ule ule!"

Akanieleza, na sambaza zangu zinadondoka maji kwenye viatu. Kila Alhamisi jioni shirika linakusanyika kwa Maman Nsimire kusali rozari. Lazima mjue shirika hilo. Rais wao, Papa Deogratias, ni mtu ambaye ukijikuna katikati ya Salamu Maria anakutazama mpaka kipele kinapona chenyewe. Wanapiga magoti, wanafumba macho, hakuna anayejongea. Basi, Alhamisi ya kwanza, Salamu kumi zinakaribia mwisho, tuk, taa ikazima. Hakuna aliyejongea, ni Wakristo wazuri. Fumbo likaisha, "Atukuzwe Baba", wote wakapiga alama ya msalaba, na taa ikawaka! Fumbo la pili, vilevile. Mafumbo matano, mara tano.

Sasa marehemu Papa Léonard alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: kuzima taa. Alizima taa mtu akiwa bado anakula. Alizima taa kwenye kilio cha shemeji yake, waombolezaji wakaimba gizani. Kwa hiyo shirika halikuhitaji kufikiri sana. Wachache, wakiongozwa na Papa Deogratias, walisema ni Roho Mtakatifu. Lakini wengi walisema Roho Mtakatifu huwasha. Anayezima ni Léonard.

"Na Maman Nsimire mwenyewe?" nikauliza.

"Anamusemesha! Taa ikizima anainua mukono: 'Léonard, ngoja kwanza, tuko tunasali!' Na inawaka! Anasema, miaka makumi ine ya ndoa hakunisikiaka, sasa ananisikia mara moja."

Ayiii, Mungu wangu. Nilijua palepale. Dakika tatu. Mimi nilikuwa nimeijaribu taa kwa kutembea, na salon ya Maman Nsimire si mahali pa kutembea, ni mahali pa watu kupiga magoti na kutulia. Muzee Mugaruka aligeuka kaburini, na kama ningekuwa naye hapo sokoni angenirudisha kubeba ngazi.

Mngesema nilikimbia kwenda kurekebisha. Wapi! Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu, na neno "nilikosea" sijalizoea. Nilijipangia: nitapita siku akiwa misa, nizungushe kile kibonyezo cha dakika, Papa Léonard apumzike kwa amani na mimi pia. Nikapanga wiki hii, nikapanga wiki ijayo. Kabla sijaenda, Désiré aliingia atelier.

Shangazi mmoja alikuwa amemwandikia kwenye simu, na chumvi alitia ya kutosha. Désiré alisimama mbele ya meza yangu, koti la safari bado mwilini, macho mekundu.

"Maman Riziki, mama anaongea na papa."

"Anamwambia nini?" Nilitaka kupata muda.

"Haiko ya kucheka! Billet yake ya ndege ya Kinshasa iko hapa. Tunaenda lundi." Akaiweka mezani. "Taa zako ziko muzuri, aksanti. Kichwa ya mama njo haiko muzuri tena."

Jamani, hapo niliumia. Kosa langu lilikuwa linatembea mjini na jina la mama wa watu. Ningenyamaza, Jumatatu angepanda ndege kama mgonjwa wa kichwa, na kila mtu angenisifu kwa taa nzuri. Nilichukua mfuko wangu.

"Mbele ya kukata hiyo billet, ulikaa mu salon?"

"Kukaa?"

"Kukaa. Twende."

Tulifika jua limeshazama na mlima wote hauna umeme. Tulipokanyaga ngazi ya kwanza mwanga ukatutangulia, tatu, tatu, tatu, mpaka chini. Désiré alipunguza mwendo. Maman Nsimire alikuwa jikoni anasonga bugali, akatuitia kutoka huko: "Mukae, minakuya!" Tukakaa. Nikamwambia Désiré: sasa usijongee.

Nimewahi kufunga waya juu ya paa la kanisa upepo unapiga. Haikuwa ngumu kama kumtuliza mtu wa Canada dakika tatu. Anatoa simu. Anavua koti. Anajikuna goti. Kila mara naanza kuhesabu upya, nikamkaripia kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwisho akatulia, akatazama picha ya baba yake ukutani. Tuk. Giza.

"Papa!" akaruka, na kwa kuruka taa ikawaka.

"Tulia. Tena."

Tukatulia tena. Tuk. Nikamwambia, inua mkono. Akauinua polepole gizani, taa ikawaka, nikamwona amekaa hivyo, mkono juu, mdomo wazi. Akarudia mwenyewe mara mbili.

"Désiré," nikasema, "huyo haiko papa yako. Huyo iko mimi. Nilifunga hii taa bila kukaa. Dakika tatu hazitoshe ku batu benye kusali. Mama yako haiko na ugonjwa. Mimi njo nilikosea."

Lilikuwa chungu kama kwinini, lakini lilitoka. Kisha nikageuka, na Maman Nsimire amesimama mlangoni na sinia, amesikia yote. Roho yangu! Nilitaka ardhi inimeze. Mwanamke amezika mume mara moja, na mimi nimekuja kumzika mara ya pili, bugali ikiwa moto.

"Maman, pole sana. Haikuwa Papa Léonard. Ni détecteur."

Akaweka sinia mezani, akapangusa mikono.

"Riziki. Mimi nilifundishaka nini?"

"Masomo, maman."

"Masomo gani?"

"Sayansi, maman."

"Miaka ngapi?"

Nikainamisha kichwa kama mwanafunzi.

"Trente-deux ans. Miaka makumi tatu na mbili ya chaki. Unawaza sijue détecteur? Siku ya pili nilipanda ku kiti, nikavaa lunettes ya macho, nikaisoma. Kuko kibonyezo, kuko na namba tatu."

"Ulipanda ku kiti?" Désiré akapiga kelele. "Na ile mukono?"

"Nyamaza, niko nasema na fundi."

"Maman," nikasema, "sasa juu ya nini haukuniambia?"

"Juu ya nini?" Akakaa. "Mbele ya hii taa, shirika ilikuwa batu batano, na babili banasinzia. Sasa banakuya makumi tatu. Banapanga viti, banapika chai, bananiuliza nimelala namna gani. Mwaka muzima hakuna mutu aliniulizaka nimelala namna gani." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe. Tangu tulizika papa yako, miaka sita, kila Noeli unasema utakuya. Nilianguka, nilivunja mukono. Ulituma ma ampuli. Papa yako amezima taa, wiki tano tu: uko hapa."

Désiré alitazama bugali. Mimi nilitazama mikono yangu. Maman Nsimire alimtazama mwanawe na hakuondoa macho. Tulikaa hivyo, watu watatu, hatujongei, hata kupumua tulipumua kidogo. Tukakaa mpaka, tuk, taa ikazima.

Gizani nilimsikia Désiré analia. Alilia kama watu wazima wanavyolia, kwa kujizuia, na hiyo haikusaidia kuwasha taa.

"Léonard," sauti ya Maman ikasema, "washa. Mutoto anataka kula."

Mkono ulioinuka ulikuwa wa Désiré. Taa ilipowaka alikuwa bado ameuinua, na kwa mkono wa pili anajipangusa uso. Tukala. Sambaza zilikuwa na chumvi kidogo kupita kiasi, nikaongeza bugali.

Jumatatu ndege iliondoka bila wao. Désiré alibaki hadi siku zake za ruhusa zikaisha, akapaka rangi mlango, akalalamika juu ya mvua. Ile billet ya Kinshasa Maman Nsimire aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Mpaka leo iko hapo, na meza haichezi.

Alhamisi iliyofuata aliwaambia shirika ukweli wote, tena kwa kuchora na chaki nyuma ya mlango uliopakwa rangi juzi. Jicho, mtu, dakika tatu. Désiré alifumba macho kwa uchungu wa rangi yake. Wote wakaelewa. Halafu Papa Deogratias akainua kidole: "Sawa, maman, détecteur njo inazima taa. Lakini nani njo anaituma?" Maman Nsimire akasema hilo haliko kwenye programu ya darasa. Walibaki thelathini.

Mimi nilikuja na ngazi kuzungusha kibonyezo kwenye dakika ishirini. Ndiyo namba yenu ya salon, andikeni, na mahali pa kusali ongezeni. Alinizuia kwa kunishika sketi.

"Usiiguse."

"Maman, ni kosa. Siwezi kuacha kazi na kosa."

"Haiko kosa yako tena. Iko yangu."

Nikashuka. Miaka thelathini na minane, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoiacha mbaya kwa kujua.

Sasa sina kazi, Alhamisi nakwenda nami kusali. Magoti yangu hayapendi, lakini Papa Deogratias hajali magoti. Salamu zikikaribia mwisho nasikia tuk ninayoijua, maana niliifunga mimi, na najua waya unapita wapi. Desturi imebadilika kidogo. Fumbo likiisha hakuna tena anayekimbilia kupiga msalaba. Maman Nsimire anajua ni détecteur, amewafundisha wote kwa chaki. Lakini giza likiingia yeye hainui mkono mara moja. Anangoja. Anakaa kwanza. Na sisi wote thelathini tunatulia magotini, hakuna anayejikuna, hakuna anayekohoa, mpaka amalize na mume wake na ainue mkono mwenyewe.